UZI: Kufundisha na kujifunza kwa mtandao tukiwa Nyanda za Juu Kusini: nani anamjibu mwanafunzi?

Mleta mada (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya walimu, wakufunzi na wanafunzi wa elimu huria na masafa walioko Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa, ingawa wa mikoa mingine nao wanakaribishwa. Mimi ni mwezeshaji wa kozi za mtandaoni kwa walimu walio kazini. Wengi ninaowafundisha wanaishi mbali na barabara kuu ya kwenda Tunduma, kule Busokelo, Ileje, Makete, Ludewa na Kilolo, ambako mtu husoma usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, kupika na kuwalaza watoto wake.

Mazungumzo yetu kuhusu masomo ya mtandaoni kwa kawaida huanzia na kuishia kwenye vifaa. Tunaulizana ni programu ipi inafaa, simu ya aina gani inatosha, na bando la mtandao upi lina nafuu. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini naomba hapa tuanzie kwingine. Kwa maoni yangu, kozi ya mtandaoni hufaulu au hukwama kwa jambo hili kabla ya mengine yote: mwanafunzi anapoandika jibu lake, ni nani anayelisoma, anamjibu baada ya muda gani, na majibu hayo yanamsaidia kufanya nini katika hatua inayofuata. Kozi yenye video za kupendeza ambamo hakuna anayemjibu mwanafunzi ni maktaba, na maktaba ni kitu cha thamani sana, lakini mtu aliyelipa ada ili afundishwe anastahili zaidi ya hapo.

Nchi yetu ina uzoefu wa miaka mingi katika jambo hili, na nasikitika kwamba hatuutumii. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliendeshwa kwa redio kwa muda wa wiki 12, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Wanaoikumbuka huitaja redio kwanza, ilhali kazi kubwa ilifanywa na vikundi. Wanakijiji walikusanyika kwenye redio moja wakiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadili namna mambo yale yalivyohusu kijiji chao, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba na kufukia madimbwi. Redio ilisema, lakini haikuweza kumsikia mtu yeyote. Waliosikilizana ni wale waliokaa pamoja. Miaka michache baadaye, kufuatia Azimio la Musoma la 1974 na lengo la kumwingiza kila mtoto shuleni, walimu wapatao 45,000 walipata mafunzo yao kwa njia ya masafa. Walifundisha darasani huku wakisoma kwa posta na redio, na walikuwapo wakufunzi waliowafuata kwenye maeneo yao ili kuwasimamia. Hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hakikutegemea Dar es Salaam peke yake. Kilijenga vituo vya mikoa, Mbeya na Iringa ikiwamo, ili mwanafunzi awe na mahali pa kwenda na mtu wa kumuuliza.

Msomi Michael Moore, ambaye katika miaka ya 1960 alifanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya kabla ya kwenda Marekani, alilieleza jambo hili vizuri. Alisema kwamba umbali unaotusumbua katika elimu masafa si wa kilomita, bali ni pengo la kutoelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, na kwamba pengo hilo hupanuka mazungumzo yanapopungua na mpangilio wa somo unapokuwa mgumu usioweza kubadilika. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi aliyeketi Mwanjelwa, hatua chache kutoka chuoni, anaweza kuwa mbali na mwalimu wake kuliko aliyeko Lupingu kando ya Ziwa Nyasa ambaye kila wiki anaandikiana na mkufunzi wake.

Nawakaribisha mlete uzoefu wenu, na hasa mnipinge pale mnapoona sikuona vema.

Mchangiaji (Makete)

Shikamoo Mwalimu. Hoja nimeielewa na ninaikubali, lakini sisi huku tunakwama kabla hata ya kufika kwenye hayo majibu ya mkufunzi. Mimi nafundisha sekondari na ninasoma stashahada ya uzamili. Vipindi vyetu vyote ni mubashara, saa 2 usiku. Mvua zikishaanza mwezi wa Novemba, umeme hukatika, mnara nao hufuata, na sauti ya mhadhiri humfikia mtu vipande vipande. Bando la wiki huisha ndani ya vipindi viwili. Rekodi huwekwa baadaye, lakini kuipakua ni gharama ileile. Mtu wa hali hii afanyeje, na ninyi mnaotufundisha mnapaswa kufanya nini?

Mleta mada (Mbeya)

Marahaba, Mwalimu. Swali lako linatuelekea sisi tunaoandaa kozi kuliko linavyowaelekea ninyi mnaosoma, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Tuanze na hesabu, maana naamini wahadhiri wengi hawajawahi kuifanya. Kipindi cha video kinachotumia megabiti 1 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha kawaida tu, hula megabaiti 450 kwa saa moja (biti nane ni baiti moja). Sauti peke yake iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ambayo kwa mazungumzo inasikika vizuri kabisa, hula megabaiti 2.4 kwa dakika 10. Maana yake ni kwamba data inayoliwa na saa moja ya video ingeweza kubeba sauti ya takribani saa 31. Maandishi ya kurasa kadhaa yasiyo na picha nzito hayafiki hata megabaiti moja. Mhadhiri anapochagua video ya saa nzima inayoonyesha uso wake na slaidi zilizojaa maandishi, anawatwisha wanafunzi wake gharama ambayo haiwaongezei kitu katika kuelewa.

Tena hata penye mtandao wa kasi, video ndefu haitazamwi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Guo, Kim na Rubin ulichunguza mara milioni 6.9 ambazo video za kozi za edX, jukwaa la Marekani la kozi za mtandaoni, zilifunguliwa, ukakuta kwamba muda wa kati ambao watu walibaki kwenye video haukuzidi dakika 6, hata video yenyewe ingekuwa ndefu kiasi gani. Wale walikuwa watu wenye intaneti nzuri kuliko yetu.

Kwa hiyo mimi hushauri kozi ijengwe kuanzia chini. Msingi uwe maandishi yaliyoandikwa kwa uangalifu, yanayomsemesha msomaji, yenye maswali katikati ya maelezo, ambayo mtu anaweza kuyapakua mara moja na kuyasoma hata simu ikiwa haina mtandao. Juu ya hayo iwekwe sauti fupi ya mwalimu inayofafanua pale panapowatatiza wengi. Video itumike pale tu jicho linapohitaji kuona kitu kikitendeka, kwa mfano namna ya kusoma kipimo katika maabara ya kemia au namna ya kushika mkono wa mtoto anayejifunza kuandika. Jukwaa la Moodle, ambalo vyuo vyetu vingi hulitumia, lina programu ya simu inayoruhusu somo kupakuliwa na kusomwa nje ya mtandao, na walimu waliokabidhiwa vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 wanaweza kukitumia kifaa kilekile. Aliyeianzisha Moodle, Martin Dougiamas, alikulia kwenye jangwa la Australia Magharibi na utotoni alisoma kwa redio kupitia shule ya masafa. Redio ile ilikuwa ya njia mbili, mtoto aliweza kubonyeza na kumjibu mwalimu wake, na nadhani ndiyo sababu majukwaa ya majadiliano yalipewa nafasi kubwa katika kazi yake.

Kipindi mubashara hakina budi kubaki, ila kibadilishiwe kazi. Mwalimu akusanye maswali ya wanafunzi kwa maandishi siku mbili tatu kabla, kisha kipindi kiwe cha nusu saa ya kuyajibu, na majibu hayo yaandikwe kwa ufupi na kuwekwa kwenye jukwaa usiku huohuo. Aliyekatikiwa umeme Makete asipoteze chochote ambacho hawezi kukipata kesho yake. Na tarehe ya kukusanya kazi iwe wiki nzima, isiwe saa sita usiku wa siku moja, kwa sababu mnara ukizimika saa tano usiku huo mwanafunzi hana la kufanya.

Kwa upande wako, jua ni saa ngapi mtandao wa eneo lako huwa na nguvu, kwa wengi ni alfajiri, ufanye saa hiyo kuwa ya kupakua na kutuma tu. Kusoma kwenyewe kufanyike mtandao ukiwa umezimwa. Pia andikeni barua ya pamoja, kama darasa, kuomba maandishi ya vipindi. Mhadhiri akisikia mtu mmoja analalamika anaweza kudhani ni shida ya mtu huyo. Akiona majina ya darasa zima atatafakari upya.

Mchangiaji (Mufindi)

Nashukuru sana kwa hesabu hiyo ya data. Naomba kuleta upande wa mwanafunzi. Mimi ni mtendaji wa kijiji na ninasoma shahada ya kwanza kwa masafa. Mtandao kwangu si tatizo kubwa. Tatizo langu ni kwamba ninasoma moduli mara tatu au nne, ninapiga mistari kwa kalamu ya rangi, ninajiona nimeelewa, kisha nikifika kituoni kufanya mtihani yale niliyoyasoma hayaji. Darasani mwalimu huuliza swali la ghafla ukajua hujui. Ukisoma peke yako, nani akuulize?

Mleta mada (Mbeya)

Ndugu yangu wa Mufindi, umelitaja jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa masafa alijue katika wiki ya kwanza ya masomo yake.

Kusoma maandishi yaleyale mara nyingi humpa mtu hisia ya kuelewa, kwa sababu macho yanayatambua maneno. Kutambua na kukumbuka ni mambo mawili tofauti, na mtihani hupima la pili. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja tu, kisha mara tatu likajaribu kuandika yote liliyoyakumbuka bila kukitazama. Walipopimwa dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, na waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40. Tazama jinsi hali hiyo inavyofanana na yako. Usiku ule unapomaliza kusoma unajiona uko vizuri, na kwa dakika 5 zinazofuata ni kweli uko vizuri.

Kwa hiyo ulizo lako, nani akuulize, lina majibu mawili, na la kwanza ni wewe mwenyewe. Soma sehemu moja ya moduli, kurasa tano au sita. Ifunge. Chukua kauntabuku, andika kwa maneno yako yale uliyoyakumbuka, pamoja na mfano kutoka kwenye kazi yako ya utendaji wa kijiji. Kama unasoma utawala, eleza kanuni hiyo kwa mgogoro wa mpaka wa shamba uliousuluhisha. Ndipo ufungue moduli na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Kalamu ya rangi uliyokuwa ukipigia mistari iweke pembeni. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyofanywa na Dunlosky na wenzake mwaka 2013 yaliweka kupiga mistari na kurudia kusoma katika kundi la mbinu zenye faida ndogo, na yakaweka kujipima na kusoma kwa kuachanisha siku katika kundi la juu.

Hilo la kuachanisha siku nalo linahitaji maneno. Saa nne za Jumapili zikigawanywa kuwa saa moja kwa siku nne huleta zaidi, hata kama jumla ni ileile. Rudi kwenye sehemu ya Jumatatu siku ya Alhamisi, halafu wiki inayofuata, halafu mwezi unaofuata, kila mara ukianza kwa kujiuliza kabla ya kufungua kitabu. Na kwa sisi wa Nyanda za Juu, ratiba iandikwe kwa kuitazama kalenda ya shamba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na mtu anayepanda mahindi au viazi hawezi kuahidi saa tatu za kusoma kila siku wakati wa kupanda na palizi. Aweke nusu saa ya kujipima tu katika majuma hayo, na masomo mapya mazito ayapeleke kwenye majuma yasiyo na kazi nyingi. Wapo wanaoacha kabisa wakati wa palizi wakitarajia kurudi baadaye, na wengi wao sijawaona wakirudi. Nusu saa ile inamweka mtu ndani.

Jibu la pili ni kikundi, na naona ndugu wa Iringa ameshaanza kuandika, pengine atatangulia kulizungumza.

Mchangiaji (Iringa)

Kamwene. Ni kweli nilikuwa nikiandika, na nimekuja kupinga. Mimi ni mkufunzi na kozi yangu ya mtandaoni ina wanafunzi mamia. Mleta mada anazungumza kana kwamba mkufunzi ana wanafunzi 15. Nikisema nimjibu kila mmoja kwa maandishi, sitalala. Kuhusu vikundi, ninachokiona ni mtu mmoja anafanya kazi na watano wananakili. Tena sasa kuna programu za akili unde ambazo mwanafunzi anaziuliza swali langu na kunirudishia insha nzuri kuliko ambayo angeiandika mwenyewe. Kwa hali hiyo, hayo majibu tunayohimizwa kuyaandika tunamwandikia nani? Mimi nimerudi kwenye mtihani wa mwisho kituoni na ninaona ndiyo njia ya haki.

Mleta mada (Mbeya)

Mkufunzi mwenzangu, nakushukuru kwa kupinga waziwazi. Hoja zako ni nzito na sitazipita juu juu.

Kuhusu idadi, nakubali kwamba mtu mmoja hawezi kuwajibu mamia mmoja mmoja kila wiki, na chuo kinachompangia mzigo huo kinamwonea mkufunzi na kinamwonea mwanafunzi. Hilo ni la kudai kwa uongozi, kwa sababu kozi ya masafa isiyo na wasaidizi wa kufundisha inauzwa kwa jina la elimu lakini gharama ya kufundisha imeondolewa. Tuliona mahali inakofika. Kozi za wazi za mtandaoni za MITx na HarvardX, yaani za vyuo vikuu vya Marekani vya MIT na Harvard, zilizoandaliwa na walimu mahiri na fedha nyingi, zilimalizwa na takribani asilimia 3 tu ya walioandikishwa katika mwaka wa masomo wa 2017/18, kwa mujibu wa uchambuzi wa Reich na Ruipérez-Valiente. Wengi wa waliojiandikisha hawakukusudia kumaliza, na hilo lazima lisemwe kwa haki, lakini kwa pengo kama hilo kati ya walioandikishwa na waliomaliza, hakuna anayeweza kusema maudhui mazuri yanatosha.

Hata hivyo, wakati tunadai wasaidizi, yapo yanayowezekana. Kazi iwe fupi, aya moja au mbili, badala ya insha ya kurasa kumi mara moja kwa muhula. Ukisoma majibu 30 kati ya mamia utakuta makosa yaleyale manne au matano yanajirudia. Andika maelezo ya pamoja kuhusu makosa hayo, taja mifano bila majina, uyaweke kwenye jukwaa ndani ya siku chache, na umtake kila mwanafunzi arekebishe aya yake kwa kuyafuata. Wiki inayofuata soma majibu ya wengine 30. Hadi muhula unaisha kila mtu amesomwa na mkufunzi wake walau mara kadhaa, na kila wiki amepata kitu cha kufanyia kazi. Nakuomba pia katika kazi hizi ndogo usiweke alama. Mwaka 1988 Ruth Butler alifanya utafiti kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israel, akakuta kwamba waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri katika kazi zilizofuata, na waliopewa alama pamoja na maoni hawakuwazidi waliopewa alama tupu. Mwanafunzi akiona alama hutazama hiyo na kufunga daftari. Watu wazima nao, kwa niliyoyaona, wako hivyo hivyo.

Kuhusu kunakili, kikundi kinachopewa kazi moja ya kukusanya pamoja kitazalisha hali uliyoieleza, na nisingekitetea. Kikundi ninachokisemea hakikusanyi kitu. Ni watu watano au sita, ikiwezekana wa tarafa moja ili waweze hata kukutana siku ya gulio, ambao kila mmoja ana jibu lake na kazi ya kikundi ni kuulizana. Kila wiki mmoja huwa muulizaji: yeye hutunga maswali matatu kutoka kwenye moduli, wengine hujibu kwa ujumbe wa sauti bila kufungua kitabu, na yeye huandika kwa mkufunzi mambo ambayo kikundi kizima kimeshindwa kuyajibu. Mkufunzi anapokea ripoti fupi chache badala ya mamia ya jumbe, na anajua hasa pa kuweka nguvu. Hapo mwenye kunakili hana cha kunakili.

Akili unde ni jambo gumu zaidi. Swali linaloweza kujibiwa na mtu yeyote popote duniani litajibiwa na mashine. Swali linalomtaka mwanafunzi aeleze namna alivyofundisha sehemu za hesabu, kama nusu na robo, katika darasa lake la tano wiki iliyopita, watoto walikosea wapi, na yeye alibadilisha nini siku ya pili, mashine inaweza kulitungia maneno, lakini dakika tano za mazungumzo ya simu zitaonyesha kama alikuwapo. Chagua wanafunzi wachache kwa bahati nasibu kila wiki, wapigie, waulize kuhusu walichoandika. Wakijua kwamba simu inaweza kumfikia yeyote, wataandika wanachoweza kukieleza. Mtihani wa kituoni ubaki, nami ninauheshimu, ila unakuja mwisho, wakati ambapo aliyekuwa hajaelewa hawezi tena kusaidiwa.

Mchangiaji (Tukuyu)

Ndaga fijo kwa mjadala huu. Mimi ni muuguzi na huwa ninasimamia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Naomba msitusahau sisi ambao masomo yetu yako mikononi. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote za jaribio la mtandaoni kuhusu kuweka mrija wa dripu na bado mkono ukamtetemeka mbele ya mgonjwa. Kuna kozi ninaziona zinatangazwa kuwa za mtandaoni kwa asilimia mia, na kwa fani yangu hilo linanitia hofu. Kwa upande mwingine sikatai simu. Sisi wauguzi watatu tulio zamu moja husikiliza sauti za somo kabla ya kuingia usiku, kisha palipotulia tunaulizana. Nimejifunza mengi kwa njia hiyo kuliko ningesoma peke yangu nyumbani.

Mleta mada (Mbeya)

Dada yangu, hofu yako ni ya haki na ninaiunga mkono bila sharti. Ujuzi wa mkono hufundishwa na mtu anayeutazama mkono huo. Video inaweza kumwandaa mwanafunzi, naye anaweza kujirekodi akifanya mazoezi kwenye mkono wa bandia ili msimamizi amsahihishe, lakini idhini ya kumgusa mgonjwa itolewe na mtu aliyesimama kando yake. Hata katika ualimu, ambao wengi huudhani ni wa maneno matupu, mimi sikubali mtu ahitimu bila kutembelewa darasani mwake.

Yapo matokeo yanayotusaidia kulipima jambo hili. Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi ulioongozwa na Barbara Means. Ulionyesha kwamba nafuu kubwa zaidi ilionekana pale mtandao ulipochanganywa na mafunzo ya ana kwa ana, na waandishi wenyewe walitahadharisha kwamba kozi hizo mara nyingi zilikuwa na muda zaidi wa kujifunza na shughuli za ziada, kwa hiyo sifa zisipewe teknolojia peke yake. Mimi ninaisoma tahadhari hiyo kama habari njema kwetu, kwa maana muda na shughuli tunaweza kuviongeza hata pasipo na mtandao wa kasi. Ninyi watatu wa zamu ya usiku mmekwisha kufanya hivyo.

Mchangiaji (Makete)

Mwalimu, nimesoma yote. Kuanzia muhula ujao nami nitakuwa mwezeshaji wa walimu wapya katika kata yetu, kozi nusu mtandaoni. Naomba uniambie wiki ya kwanza nifanye nini hasa, maana nikikosea mwanzo nitawapoteza.

Mleta mada (Mbeya)

Hongera kwa jukumu hilo. Wiki ya kwanza usifundishe mada yoyote nzito. Kama kuna namna, wakutanishe ana kwa ana walau siku moja, hata chini ya mti shuleni, ili kila mmoja aingie kwenye jukwaa kwa simu yake mwenyewe mbele yako, apakue somo la kwanza, na atume jibu lake la kwanza kabla hajaondoka. Nimeona watu wengi wakiacha kozi kwa sababu tu nywila ilikataa siku ya pili na waliona aibu kuuliza.

Gawa vikundi siku hiyohiyo, ukiangalia nani anaishi karibu na nani na nani ana mnara upi. Andika namba ya simu ya muulizaji wa kila wiki kwa muhula mzima na uwape karatasi. Mwenye kitochi asiye na simu janja awekwe kwenye kikundi chenye mtu wa jirani mwenye kishikwambi, na majibu yake uyapokee kwa ujumbe mfupi wa kawaida.

Kisha mpe kila mmoja swali moja la kujibu kwa aya fupi: ni somo gani linampa shida zaidi kulifundisha, na kwa nini. Siku tatu zinazofuata fanya kazi moja tu, ya kumjibu kila mtu kwa jina lake, kwa sentensi tatu au nne zinazoonyesha kwamba umesoma alichoandika, na umalizie kwa swali jingine dogo. Wakati huo darasa bado ni dogo na hujaanza mada, kwa hiyo nafasi unayo. Asiyetuma aya yake hadi siku ya nne, usimtumie ujumbe kwenye kundi la wote, mpigie simu.